Risasi Ndani ya Damu

Binti yetu alikuwa na mwaka mmoja na ushei tulipofika Louisville, na kitu cha kwanza ambacho serikali ya Marekani ilituomba ni damu. Hata mizigo tulikuwa hatujaifungua sawasawa. Mfanyakazi wa shirika lililotupokea alikuja na gari, akatupeleka kliniki, na huko muuguzi mmoja mnene mwenye sauti ya upole akatutoa damu sote watatu: mimi, mke wangu na mtoto. Mtoto alilia, akabandikwa plasta yenye picha ya bata, akanyamaza.

Nilikaa pale nimeduwaa. Mimi ni mtu wa milima ya Kivu ya Kusini, mke wangu ni wa Uvira. Tulikutana kambini Burundi, na Kiswahili ndicho kikawa lugha ya nyumba yetu. Kwetu milimani zahanati ya serikali ilikuwa na kibao, kufuli, na muuguzi aliyeshinda shambani kwake kwa sababu mshahara wake haukuwahi kuupanda mlima. Hakuna aliyeilaumu serikali, kwa sababu hakuna aliyeitarajia. Ukiugua, ndugu walikubeba kwa machela mpaka kwa wamisionari, na ukifia njiani walirudi nawe wakakuzika.

Baada ya muda tuliitwa kusikia majibu. Mkalimani alitwambia damu zetu ni safi, ya mtoto pia, na kwamba wameangalia mambo mengi. Sikuuliza ni mambo gani. Tangu hapo wakawa wanatupigia simu kutukumbusha chanjo. Walimchungulia mtoto masikio, macho, hata meno ambayo yalikuwa ndiyo kwanza yanachomoza. Nilimwambia mke wangu, "Huku serikali inajua hata jino la mtoto." Alicheka, akasema tumshukuru Mungu lakini tusizoee haraka.

Nilipata kazi katika ghala la vifurushi, na mke wangu akawa anafua na kukunja mashuka ya nyumba ya wazee. Tuliishi katika ghorofa za kupanga pamoja na Wakongo wengine wengi. Kuta zilikuwa nyembamba, ukipiga chafya jirani anakuombea afya, lakini nyumba zenyewe zilikuwa mpya na nyeupe kama yai. Kisha ghala likapunguza watu na mimi nikawa mmojawapo. Ndugu mmoja wa kanisani aliyekuwa amehamia Columbus akanipigia simu, akasema huko maghala yanatafuta mikono na kodi za nyumba ni nafuu. Tukahama.

Nyumba tuliyoipata ilikuwa mtaa wa Linden, ya mbao, kuukuu, yenye baraza la kijani mbele na ngazi ndani. Mke wangu alipanda na kushuka ngazi ile kama mtoto. "Bon," alisema, "sasa na sisi tunalala juu." Madirisha yalikuwa ya kusukuma kwenda juu, mazito, na kila ukilisukuma moja lilikwaruza fremu yake na kumwaga unga kidogo mweupe. Rangi ya kwenye fremu ilikuwa imepasukapasuka kama ngozi ya mjusi. Mwenye nyumba tulimjua kwa simu tu. Alisema nyumba imepakwa rangi karibuni, na kweli kuta zilinukia rangi. Mke wangu alipangusa unga ule kila asubuhi kwa kitambaa kikavu, na kesho yake ulikuwepo tena.

Binti yetu alilipenda dirisha la sebuleni kuliko kitu chochote. Alisimama juu ya kochi, akaweka viganja na mdomo kwenye kizingiti, akangoja basi la shule la njano lipite. Meno yalikuwa yanamsumbua, basi alikitafuna kizingiti kile. Tulimwona. Tulimpiga hata picha, tukamtumia shangazi yake aliyekuwa Buffalo, dada mkubwa wa mke wangu, naye akajibu kwamba mtoto amenawiri.

Ulipokwisha msimu wa baridi, mtoto akabadilika. Alikataa chakula. Alilala sana mchana, na akiamka alikuwa na hasira tusiyoijua ilikotoka. Tumbo lilimfunga. Halafu maneno yakaanza kumtoka. Alikuwa amejua kusema "maji", "papa" akiniita mimi, "twende", na jina la wimbo mmoja wa kanisani alioukatakata kwa namna yake. Taratibu akaacha kuyasema. Akitaka maji alivuta gauni la mama yake na kulia. Mke wangu aliniambia mtoto anarudi nyuma. Mimi nilimjibu kwamba watoto ndivyo walivyo, atasema akitaka. Hata hivyo tulikuwa na siku ya kwenda kliniki kwa ukaguzi wa miaka miwili, tukampeleka. Walimchoma kidole, wakatuambia watatupigia.

Simu ilinikuta kazini, wakati wa mapumziko, nimeweka chakula changu kwenye maikrowevu. Kulikuwa na sauti mbili: ya muuguzi kwa Kiingereza, na ya mkalimani wa simu, mwanamume ambaye kwa matamshi yake nilijua ni Mtanzania. Muuguzi alisema sentensi moja ndefu. Mkalimani akasema:

"Muuguzi anasema mtoto wako ana risasi katika damu."

Sijui niliiweka wapi sahani. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa tayari mlangoni, nimeshika koti, nikiuliza nani amempiga, amepigwa wapi, mama yake yuko hai. Mkalimani aliniita mara kadhaa, "Mzee, nisikilize. Mzee." Mwisho nikasimama.

"Si risasi ya bunduki," alisema. "Ni madini. Ni sumu. Neno ni lile lile, samahani sana."

Nilimwambia sisi tumekimbia masasi. Ndilo neno letu la risasi kule Kivu. Tulikimbia masasi kutoka mlimani, yakatufuata bondeni, tukavuka mpaka ndiyo tukapona. Sikuwa nimewahi kusikia kwamba kuna masasi mengine yanayoingia kwa mdomo. Muuguzi upande wa pili akawa anauliza kuna tatizo gani, mbona hatuendelei.

Tuliitwa mtoto atolewe damu nyingine, ya mkononi safari hii, ili wahakikishe. Daktari alikuwa kijana mwenye ndevu nyekundu. Alitueleza kwa mkalimani kwamba rangi za zamani ziliwekwa risasi ili zidumu, kwamba zilipigwa marufuku miaka mingi iliyopita lakini nyumba zilizopakwa zipo bado, na vumbi lake ni tamu. Alilitamka neno hilo waziwazi: tamu. Mtoto akishaonja hurudia. Sumu huenda kwenye ubongo na kukaa kwenye mifupa. Kwa kipimo cha binti yetu hakukuwa na dawa ya kuitoa. Dawa ilikuwa kumwondoa mtoto kwenye vumbi, kumpa maziwa na vyakula vyenye madini ya chuma, na kungoja.

Mke wangu aliuliza kama yale maneno yatarudi. Daktari alisema mengi huenda yakarudi. Hakusema yote, na mke wangu alilisikia lile ambalo hakulisema.

Tulipotoka tukakaa kwenye viti vya kungojea. Tulikuwa tunasemezana polepole. Mbele yetu alikaa mama mmoja Msomali mwenye baibui la kahawia, pamoja na mwanawe wa kama miaka saba aliyekuwa akizungushazungusha gari la plastiki. Yule mama alitusalimia kwa Kiswahili. Alisema alikaa kambi za Kenya miaka mingi, Kiswahili alikipata huko, na kukisikia hapa humfurahisha. Akauliza mtoto anaumwa nini. Nilipomwambia, uso wake ukabadilika. Alisema huyu wake pia ni hivyo hivyo, amekuja kupimwa tena.

Akauliza tunakaa wapi. Nilimwelekeza: Linden, nyumba ya kona, ng'ambo ya kanisa la matofali, yenye baraza la kijani.

"Baraza la kijani," alisema. "Na ngazi ya chini imepasuka?"

Nilimuuliza amejuaje.

Aliweka mkono juu ya kichwa cha mwanawe. "Ndimo alimougulia huyu," akasema. "Dirisha la mbele. Walikuja watu wa serikali, wakapima, wakatuambia tutoke. Tukatoka. Wakaniambia nyumba haitaingia mtu mpaka itengenezwe."

Mke wangu alimpokonya binti yetu mikononi mwangu, akamkumbatia kama vile kuna mtu aliyekuja kumchukua. Mimi nilimwangalia yule mvulana. Alikuwa mzuri, ana macho makubwa. Gari lake lilianguka, akaliokota, likaanguka tena, akaliokota tena. Mama yake aliniambia kwamba shuleni wamemweka darasa la peke yake. Alisema, "Kaka, nilidhani mwanangu ndiye alikuwa wa mwisho."

Tangu saa ile sikuwa na usingizi wala njaa. Tukahamia kwa yule ndugu wa kanisani, chumba kimoja sote, na mimi nikawa ninarudi kwenye ile nyumba kuchukua vitu vyetu na kumngoja mkaguzi wa afya. Alikuja mwanamke wa makamo, mpole, amevaa mifuko ya karatasi juu ya viatu. Alibeba chombo kinachofanana kabisa na bastola. Alikielekeza kwenye fremu ya dirisha la sebuleni, akabonyeza, akasoma. Akakielekeza kwenye kizingiti, kwenye mlango, kwenye nguzo za baraza. Kila alipobonyeza, mwili wangu ulishtuka. Alipomaliza aliweka simu mezani ili mkalimani atusaidie, akanieleza kwamba madirisha yote ya mbele yana risasi, na baraza pia. Rangi mpya ilikuwa imepakwa ukutani. Madirisha yenyewe hayakuguswa.

Nilimwambia nina swali moja. Nilimweleza kuhusu yule mama Msomali na mwanawe. Nikamuuliza kama anaijua habari hiyo.

Angeweza kunidanganya. Hakunidanganya. Alisema ndiyo, ofisi inaijua. Nyumba hii ilipimwa wakati ule, mwenye nyumba akaamriwa aitengeneze, na baadaye akapeleka habari kwamba ameshaipaka rangi.

"Mlirudi kuangalia?" nilimuuliza.

"Ilikuwa kwenye mipango," alijibu. "Wakaguzi ni wachache."

Nilimuuliza kwa nini basi hawakuweka alama mlangoni, nione. Alisema alama iliwekwa. Mtu ameibandua. Akasema pia, kwa upole uleule, kwamba mpangaji yeyote anaweza kupiga simu ofisini na kuuliza habari za nyumba kabla ya kuhamia.

"Ningeuliza nini, mama?" nilimwambia. "Hata neno lenyewe sikulijua."

Mkalimani, safari hii mwanamke, alilitafsiri hilo. Mkaguzi alikaa chini kwenye ukingo wa kochi, kochi lilelile. Akanieleza jinsi kazi yao ilivyo. Hawana ruhusa ya kuingia nyumba za watu hivihivi. Wanakwenda pale tu ambapo damu ya mtoto imeonyesha sumu. Alisema, "Mtoto ndiye anayetuonyesha nyumba."

Nilidhani nimesikia vibaya, nikamwomba mkalimani arudie. Akarudia. Ilikuwa vilevile.

Kwa hiyo ule uangalifu wote niliokuwa nikiustaajabia, zile simu za chanjo, yale masikio na meno, ulikuwa na tundu katikati, na mwanangu alipita kwenye tundu hilo huku serikali ikimtazama. Kwetu serikali haikuwepo. Hapa ilikuwepo, ina ofisi, ina chombo, ina hata anwani ya nyumba, na ilikuwa ikingoja.

Siku nilipokuwa ninapakia vitu vya mwisho kwenye gari, vijana wawili walisimama mbele ya baraza, mume na mke, Wamarekani weusi, mwanamke ana mimba kubwa. Walikuwa wamekuja kuiona nyumba. Mwenye nyumba alikuwa ameitangaza tena. Nilibaki nimeshika kiti mikononi. Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha ghala: inua, shusha, harakisha, angalia mgongo. Niliweka kiti chini, nikaonyesha madirisha, nikaonyesha tumbo lake, nikasema "No. No baby. Poison." Nikawaonyesha picha ya binti yangu kwenye simu, ameweka mdomo kizingitini. Yule mwanamke aliitazama picha, akalitazama dirisha. Alimshika mumewe mkono wakaondoka bila kupanda ngazi.

Niliipigia simu ofisi ya afya nikiwa bado pale barabarani. Nikaambiwa wataandikia mwenye nyumba.

Shemeji yangu wa Buffalo alisema tusikae tena Columbus, twende kwake, kiwanda anachofanyia kazi kinachukua watu. Tukaenda. Alitupokea kwa machozi, maana aliikumbuka ile picha aliyoisifu. Alitukaribisha kwenye nyumba yake ndogo tukabanana na wanawe. Kisha tukatafuta ya kwetu. Sasa nilikuwa ninalijua neno. Kila nyumba niliyoingia nilipitisha kidole kwenye fremu za madirisha. Mji ule umejaa nyumba za mbao za zamani, za ghorofa mbilimbili, na kidole changu kilitoka cheupe kila mahali. Niliwapigia watu wa afya wa huko, kwa mkalimani, nikaomba mtu mmoja aje apime kabla sijamwingiza mtoto. Mtu wa simuni aliuliza kipimo cha mtoto katika nyumba hiyo ni kiasi gani. Nikamwambia mtoto bado hajaingia. Akasema basi kwa sasa hawawezi.

Nilikata simu, nikamtazama mke wangu. Hakuniuliza wamesemaje. Alijua kwa uso wangu.

Mwishowe tulichukua ghorofa ya juu ya nyumba ya bibi mmoja mjane, kwa sababu majira ya baridi yalikuwa yanakaribia na kwa shemeji hatukuwa na pa kugeukia. Bibi mwenyewe aliishi Cheektowaga, alihama mjini baada ya mumewe kufariki, lakini watoto wake wote aliwalea katika nyumba ile. Alituletea keki siku tulipohamia. Mke wangu aliziba madirisha yote kwa nailoni na gundi, akapangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji kila siku kama alivyofundishwa kliniki, na mtoto akakatazwa kusogelea fremu. Aliishi katikati ya chumba kama anayeogopa kuanguka kisimani.

Wakati huo televisheni zote zilikuwa zikizungumzia mji mmoja wa jimbo jingine ambao maji yake ya bomba yalikutwa na risasi. Kanisani watu walinunua maji ya chupa. Mchungaji wetu, Mkongo mwenzetu, alituambia kwamba kwenye jumba la jiji kutakuwa na kikao kuhusu risasi katika nyumba za kupanga, na yeyote anaweza kusema. Mke wangu aliniambia niende. Nilimwambia sina Kiingereza cha kuwaambia wakubwa. Akanijibu, "Cha kuwaambia wale vijana wa Columbus ulikitoa wapi?"

Nilikwenda. Ukumbi ulikuwa mkubwa, dari yake juu kama ya kanisa la Wakatoliki. Madiwani walikaa mbele, na pembeni yao mkuu mmoja wa mambo ya afya, mwanamume nadhifu aliyevaa miwani. Yeye ndiye aliyeanza. Alieleza kwamba kazi inakwenda vizuri, kwamba watoto wanaopimwa wameongezeka, na kwa hiyo nyumba mbovu zinazogunduliwa zimeongezeka pia. Alilisema kama habari njema. Watu kadhaa walipiga makofi. Nilipowasikia wakipiga makofi nilielewa kwamba yule bwana hakuwa mwovu. Aliamini kabisa kwamba mtoto akishaumia na kugunduliwa, kazi imefanyika.

Zamu yangu ilipofika nilishika kipaza sauti. Nilisema kwa Kiingereza changu kibovu kwamba binti yangu alifika nchi hii na damu safi, mliipima wenyewe. Sumu ameipata hapa. Nilisema nyumba iliyompa ilikuwa imeshampa mtoto mwingine, na serikali ya mji ule ilijua, na hapa kwenu nimepiga simu nikaambiwa ningoje mpaka aumie. Kisha maneno ya Kiingereza yakaniishia, nikasema la mwisho kwa Kiswahili. Mchungaji akasimama nyuma yangu akalitafsiri.

"Kwetu mlimani hata ndama hatumtangulizi kunywa maji tusiyoyajua."

Hakuna aliyepiga makofi. Diwani mmoja, mama mzee mweusi mwenye kofia ya zambarau, alikuwa akiniangalia muda wote. Akamgeukia yule mkuu wa afya, akamuuliza, "Mkimwambia mwenye nyumba aondoe sumu, nani anarudi kuona kama imeondoka?"

Mkuu alianza kueleza utaratibu. Yule mama akamkatiza kwa upole, akauliza tena, maneno yaleyale. Mkuu akasema hana jibu kamili kwa sasa, atalitafuta. Mama akasema, "Nitangoja hapa kila kikao mpaka uje nalo." Na nilisikia baadaye kutoka kwa mchungaji kwamba alingoja kweli, akamuuliza tena na tena, mpaka swali lile likaanza kuulizwa na madiwani wengine.

Sikutarajia chochote. Ndiyo maana nilishtuka tena, kwa namna nyingine, majira ya kuchipua yalipofika na mkaguzi akagonga mlango wetu. Alisema wameanza kupita baadhi ya mitaa bila kungoja vipimo vya damu, wakikubaliwa na wenye nyumba, na bibi yetu alikuwa amekubali. Naye bibi alikuja siku hiyo kutoka Cheektowaga, amevaa koti zuri, kama mtu anayekwenda kusifiwa. Alikuwa na hakika nyumba yake ni salama.

Mkaguzi alitoa chombo chake cha bastola, akaanza. Dirisha la kwanza, la pili, yote. Kisha ngazi za nyuma. Alimweleza bibi majibu, taratibu, wakiwa wamesimama jikoni kwetu. Mimi nilikuwa ninamchunga nione kama atabisha, kwa maana nilikuwa nimejiandaa kumchukia.

Bibi alivuta kiti cha mtoto wetu, kidogo, akakaa humo humo. Alikitazama kizingiti cha dirisha la jikoni. "Mwanangu wa mwisho alikuwa akilia chakula chake hapa," alisema. "Walimu waliniambia ni mkaidi, hatulii. Nilimchapa kwa hilo." Akainua kichwa, akamuuliza mkaguzi serikali imejua tangu lini kuhusu rangi hizi.

"Tangu zamani, bibi," mkaguzi alijibu.

"Tangu kabla ya mwanangu?"

Mkaguzi alikunja waya wa chombo chake, akasema ndiyo.

Mke wangu, ambaye hakuwa ameelewa yote lakini ameelewa ya kutosha, alimchemshia chai ya maziwa na tangawizi, akamshikisha kikombe kwa mikono miwili. Bibi alikunywa. Alipotoka nje alimuuliza mkaguzi sasa anakwenda nyumba ipi. Mkaguzi akasema ile ya jirani hataiingia. Tuliitazama sote. Kwenye baraza lake kulikuwa na baiskeli ya mtoto ya magurudumu matatu. Mwenye nyumba ile, alisema mkaguzi, hajakubali.

Madirisha yetu yalibadilishwa yote kabla ya kiangazi. Bibi alisaidiwa na mpango wa jiji kwa sehemu, na sehemu nyingine aliitoa mwenyewe, na katika siku za kazi alikaa ndani ya gari lake barabarani akiwaangalia mafundi. Kipimo cha binti yetu kilishuka polepole, kliniki baada ya kliniki. Maneno yalirudi. Mengine yalirudi kwa Kiingereza, na mama yake anapomwambia njoo ule humjibu kwamba anakuja, kwa lugha ya katuni. Hatumgombezi. Tunafurahi anajibu.

Alipoanza shule, herufi zilimkimbia. Alizijua leo, kesho hazipo. Mwalimu wake alituita, msichana mchangamfu mwenye nywele fupi, akaniuliza kwa uangalifu kama kuna jambo lolote lililompata mtoto alipokuwa mdogo. Sasa Kiingereza changu kilitosha. Nilimwambia kuhusu nyumba, dirisha na damu. Nilikuwa nimejiandaa kueleza sana, kufafanua neno, kutaja yule mvulana aliyetutangulia. Nilidhani atashangaa.

Hakushangaa. Alisema pole, na kwamba binti yangu si peke yake darasani humo, na darasa la jirani pia wapo, na kwamba wana njia za kuwasaidia watoto wa namna hii. Alikuwa akichonga penseli za watoto huku akiniambia, moja baada ya nyingine, akizipanga kwenye kopo kwa ajili ya asubuhi.